Bahasha ya Maili Sita

Jumatatu, 11 Februari 1957

Nimewaandikia watu barua tatu kabla ya saa sita. Mjane anayemdai shemeji yake mbuzi. Mtu wa reli aliyeachishwa kazi. Mama mwenye mwana aliye mbali, ambaye hakujua la kumwambia, akaniachia mimi nijue. Vumbi jeupe la Ziwa Nakuru limevuma tangu asubuhi na kuingia katika wino. Nimeuchuja kwa kitambaa.

Saa saba alifika Mzee Zakaria, nyapara wa barabara ya Maili Sita. Kwa miguu, kofia mkononi. Aliketi kwenye benchi la wateja. Sikupenda kumwona pale. Mtu huyu alimwamuru marehemu baba yangu kwa miaka kumi na saba.

Habari yake ni mbaya. Ofisi ya barabara haitaajiri tena vibarua wake yenyewe. Kuanzia Aprili barabara atapewa mkandarasi mmoja, yule atakayeshinda kwa bei. Atakayeshinda atapewa na kambi. Wasiposhinda wao, wanaume kumi na mmoja, pamoja na wake na watoto, watatoka mwisho wa Machi. Zakaria hakuja kulia. Anataka kushindana.

“Tenda hiyo, utatuandikia?”

Nilimwambia neno sahihi ni zabuni.

“Iite unavyotaka, kijana wa Yona. Bora tuipate.”

Nina miaka arobaini na mitatu. Ni yeye peke yake ambaye bado ananiita kijana.

Nimekubali, bila malipo. Nilizaliwa katika kambi ile.

Jumatano, 13 Februari

Nimelisoma tangazo kwenye ubao wa ofisi. Kiingereza juu, Kiswahili chini. Kiswahili chake kibovu, nimekisahihisha nilipolinakili. Kutengeneza na kutunza barabara kwa mwaka mmoja. Bei katika bahasha iliyofungwa. Bahasha zitumbukizwe katika sanduku la bati lililo ofisini kabla ya adhuhuri ya Ijumaa, tarehe 1 Machi. Masharti zaidi yanapatikana kwa karani.

Karani ni Josia. Shati jeupe, tai, kalamu mbili mfukoni. Aliniuliza kama nataka karatasi ya masharti. Nilimjibu kwamba nimeandika barua rasmi kwa miaka kumi na tisa. Akatabasamu, akaendelea na kazi yake.

Nimerudi kwa njia ya nyuma ya reli ili niione barabara inapoanzia. Jiwe la kwanza bado liko. Baba alilipaka chokaa kila Desemba. Alikuwa akirudi nyuma hatua tatu kulitazama, kama mtu aliyemvika mtoto nguo ya sikukuu.

Jumapili, 17 Februari

Baada ya ibada nimekwenda kambini kwa baiskeli. Maili sita, upepo usoni. Vibanda ni vilevile, bati la duara na moshi wa kuni za miti ya miwati. Nilipokaribia nilisikia kengele ya chakula, kipande cha reli kinachopigwa kwa nyundo. Tumbo likaitika kabla ya akili. Miaka thelathini na tumbo halijasahau.

Waliniingiza katika kibanda tulichoishi sisi. Siku hizi anakaa Barasa, mwenye mdomo mrefu kuliko wote. Kuta zingali zimebandikwa magazeti ndani kuzuia baridi, na uji ndio gundi. Baba ndiye aliyeanza kubandika. Kwa kuwa hakujua kusoma, kurasa nyingi alizibandika juu chini. Hapo ndipo nilipojifunzia kusoma, mgonjwa wa surua, nimelala kitandani wiki tatu. Hadi leo nasoma maandishi yaliyopinduliwa kwa wepesi uleule wa yaliyo wima. Hakuna mwalimu aliyenifundisha. Ni ukuta.

Tumepanga bei. Kulima majani, kujaza mashimo kwa udongo mwekundu wa maramu, kusafisha kalvati za kupitishia maji chini ya barabara. Kisha Zakaria akataja mfereji mpya kando ya mteremko wa maili ya nne. Nilimwonyesha kwamba tangazo halikutaja mfereji. Utapandisha bei yetu bure.

“Wewe barabara hiyo unaijua kwenye karatasi tu, siyo?” akauliza Barasa. “Maji ya pale yanatoka juu kwa wazungu na yanakuja na mawe. Bila mtaro ni mto hiyo.”

“Huyu atajuaje?” akasema mwingine. “Mvua ikimkuta anaficha karatasi.”

Wakacheka. Nami nilicheka, ingawa halikunipendeza. Najua desturi yao kuliko wanavyodhani. Huiita kutembea na mvua. Ikianza kunyesha kwa nguvu, kila mtu duniani hutafuta paa. Wao hutoka. Huchukua majembe na kuyafuata maji hatua kwa hatua, wayaone yanapotaka kupita, wayafungulie. Kwa jua, husema Zakaria, barabara inadanganya. Nikiwa mdogo nilisimama mlangoni na mama tukiwatazama wanaume wakipotea ndani ya mvua, magunia vichwani, baba akiwa wa tatu kutoka mbele. Mama hakuondoka mlangoni mpaka warudi.

Mfereji umeingia katika bei.

Jumanne, 19 Februari

Kikohozi. Barua moja tu. Utepe wa taipureta umechakaa. Zabuni nitaiandika kwa mkono. Ni bora zaidi.

Alhamisi, 21 Februari

Nimesikia jambo lisilonipendeza. Fundi mmoja wa mawe aliwahi kuomba kazi ya daraja dogo mwaka jana. Anasema bahasha hufunguliwa ndani, mlango umefungwa, na baadaye jina moja hutoka. Mara tatu jina hilo limekuwa la mkandarasi mwenye lori la kijani, ambaye mji mzima humwita Bwana Lori. Kila mara bei yake huwa chini ya ile ya anayemfuata kwa pesa za kunyolea ndevu tu. Fundi hana ushahidi. Ana uchungu tu.

Sikumwambia Zakaria. Nimeandika ombi kwa Bwana Barabara, mzungu mkuu wa ofisi. Nimeliandika mara nne. Sikumshutumu mtu. Nimeomba, kwa unyenyekevu na kwa manufaa ya heshima ya ofisi yenyewe, kwamba sanduku lifunguliwe mbele ya waombaji wote, na kila bei isomwe kwa sauti. Aya ya tatu ni aya nzuri. Nimeisoma kwa Rebeka, mke wangu. Akasema ni nzuri lakini ndefu, na mboga zinaungua.

Jumatatu, 25 Februari

Zabuni imeingia sandukuni.

Karatasi nzito. Mistari niliipiga kwa penseli, nikaifuta baada ya wino kukauka. Majina kumi na moja, kila moja na alama ya dole gumba, isipokuwa Barasa ambaye alitaka kuandika mwenyewe na akachukua nusu saa. Bahasha nimeifunga kwa lakiri nyekundu. Juu yake, kwa herufi za duara, nimeandika anwani ya mpokeaji. Nyuma yake, kama adabu inavyotaka: Kutoka kwa Zakaria na Wenzake, Watunzaji wa Barabara, Kambi ya Maili Sita. Barua isiyo na jina la aliyeituma ni kama mgeni asiyebisha hodi.

Zakaria aliishika kwa ncha za vidole.

“Yona angeiona hii,” alisema.

Tukaenda pamoja. Aliitumbukiza mwenyewe. Sauti yake ilipogonga bati nimeibeba mpaka nyumbani.

Jumatano, 27 Februari

Siku mbaya kuliko zote za mwaka huu.

Niliitwa ofisini kuhusu ombi langu. Bwana Barabara ni mtu mrefu, mwekundu wa shingo, Kiswahili chake ni cha kuamrisha lakini husikiliza. Alisema ombi lina maana. Sanduku litafunguliwa wazi. Kwa kuwa ni wakati wa hali ya hatari hataki umati mlangoni: mtu mmoja au wawili kwa kila bahasha. Nilishukuru kwa maneno niliyoyaandaa.

Alipokuwa akitafuta kalamu, macho yangu yaliangukia karatasi iliyokuwa mezani, imeelekea kwake. Masharti. Niliisoma juu chini, kama ukuta wa baba. Sharti la nne: bahasha isiwe na jina, anwani wala alama yoyote ya mwombaji. Bahasha itakayokiuka haitafunguliwa.

Nilisoma tena. Haikubadilika.

Sababu yake naielewa. Ni sababu njema. Asiyejua bahasha ni ya nani hawezi kuipendelea. Ndilo jambo lilelile nililoliomba kwa aya ya tatu.

Sikuomba karatasi ile nilipopewa nafasi. Niliona aibu kuonekana mtu wa kuuliza.

Alhamisi, 28 Februari

Asubuhi Josia alikuja mezani kwangu. Hajawahi kuja. Alipangusa benchi kwanza, kisha akaketi.

“Mwalimu, bahasha yenu ina lakiri nzuri sana.”

Nilijua anachokuja kusema. Ufunguo wa sanduku anao yeye. Anaweza kuitoa bahasha yetu leo jioni. Niandike nyingine isiyo na jina. Itarudi ndani kabla ya adhuhuri kesho. Hataki hata sumuni. Anachotaka ni kwamba niende kwa Bwana Barabara, niseme nimefikiri tena, na kufungua wazi hakuna haja.

“Ni wazee wako hao,” alisema. “Usiwauze kwa sababu ya Kiswahili kizuri.”

Nilimwambia nitamjibu kabla ya jioni.

Saa nane nikapanda baiskeli kwenda kambini nikamweleze Zakaria kila kitu. Nikawakuta wanapaka mawe chokaa. Mwezi wa pili! Walisema mgeni mkubwa akija kukagua baada ya ushindi aikute barabara imenawa. Mke wa Barasa alinipa chai yenye majani ya mchaichai. Zakaria alinionyesha kalvati ya mawe ya maili ya tano, akanikumbusha jinsi baba alivyoingia humo kifudifudi kumtoa nyoka na akatoka na kofia ya mzungu iliyopotea mwaka mzima. Tulicheka mpaka akakohoa.

Sikumwambia. Ni mwoga mimi. Niliandike hapa kama lilivyo.

Nikarudi. Nilisimama mbele ya ofisi. Mlango ulikuwa wazi, Josia ndani, taa bado haijawashwa. Sikuingia. Hilo ndilo jibu langu kwake. Ufunguo unaoweza kuitoa bahasha yetu ndio ulioitoa ya fundi wa mawe.

Najua hivyo. Wala hainisaidii.

Ijumaa, 1 Machi

Niandike kwa utaratibu.

Bahasha tano. Zakaria na mimi. Bwana Lori, mnene, mtulivu, miwani mikubwa. Wengine watatu. Bwana Barabara alifungua sanduku, akazipanga mezani. Yetu ilikuwa na lakiri kama jeraha. Aliigeuza, akasoma nyuma, akatikisa kichwa.

“Hii ina jina. Sharti la nne. Haifunguliwi.”

Akaiweka kando. Zakaria hakuelewa. Alinitazama ili nimfasirie. Nilitazama meza.

Hapo nikaona. Bahasha ya pili kutoka kushoto, nyeupe, safi. Kwenye pembe ya chini, kwa upande wangu ni pembe ya juu, nukta ya penseli nyekundu. Ndogo kama yai la chawa. Nyingine hazina. Na mfukoni mwa Josia, kando ya kalamu, penseli nyekundu. Bila shaka ndivyo alivyoijua ya kuitoa na kuibadilishia bei.

Ningeweza kunyamaza. Yetu ilikuwa imekwisha kukataliwa, kusema hakungeirudisha. Na mtu ambaye bahasha yake mwenyewe imekataliwa kwa alama akianza kuonyesha alama za wengine huonekana mwenye kijicho. Nilisimama. Maneno yangu yote mazuri yalinikimbia. Nilisema tu, “Hiyo nayo ina alama.”

Bwana Barabara aliipeleka dirishani. Aliitazama kwa muda mrefu. Akamwuliza Josia. Josia akasema labda penseli ilianguka.

“Ikaanguka ndani ya sanduku?” akauliza mmoja wa wale watatu. Mtu akacheka puani.

Bahasha ile ikafunguliwa. Ilikuwa ya Bwana Lori. Bwana Lori alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Bwana Barabara akazirudisha zote tano, pamoja na ya kwetu ambayo haikufunguliwa. Akatangaza kwamba zabuni itarudiwa baada ya wiki tatu. Masharti yatabandikwa ukutani kila mtu ayasome. Ufunguo utakaa kwake.

Ningepaswa kufurahi. Ombi langu limetimia kuliko nilivyoomba.

Tulipofika kwenye jiwe la kwanza Zakaria alisimama.

“Ulijua?”

“Tangu juzi.”

“Jana ulikunywa chai yetu.”

Akaenda zake. Sikumfuata.

Jumapili, 3 Machi

Kanisani hawakukaa karibu nami. Barasa alinipa mkono bila kunitazama. Rebeka anasema watapoa. Nimefungua sanduku la vitu vya baba. Kipimo cha kamba chenye mafundo. Kijiko. Barua yangu ya kwanza, niliyomwandikia nikiwa na miaka kumi na moja, kumwombea kwa nyapara ruhusa ya siku mbili. Nyapara alikuwa Zakaria. Hakujua kusoma, baba hakujua kusoma. Walinifanya nisimame nisome kwa sauti mbele ya kambi nzima. Ruhusa ikatolewa. Nadhani ingetolewa hata bila barua.

Jumamosi, 9 Machi

Zakaria kwenye benchi. Hakutoa salamu ndefu.

“Andika tena. Ndani andika unavyojua. Nje usiandike kitu. Hata nukta.”

“Nimewakosea, mzee.”

“Umetukosea.” Akakaa kidogo. “Lakini Rebeka ametwambia alichokutaka yule karani, nawe hukuingia kwake. Barasa alikuwa mjini siku ile kununua chokaa, alikuona umesimama nje ya ofisi mpaka giza linaingia, halafu ukaondoka. Alidhani unaumwa tumbo.”

Hakusema kwamba amenisamehe. Sikuuliza.

Alhamisi, 14 Machi

Ubishi kambini kuhusu mfereji. Safari hii mimi ndiye niliyeomba kwa moyo. Masharti yako ukutani sasa, nimeyasoma mara sita, hakuna mfereji. Bwana Lori hatauweka. Tuutoe, tushinde, kisha tuuchimbe wenyewe polepole. Vijana wanne walikuwa upande wangu.

Zakaria alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba kuchimba bila kulipwa ni sawa, ameshafanya mara nyingi. Lakini kuandika kwenye karatasi kwamba barabara ile inahitaji kiasi kile tu, hilo ni kusema uongo kwa dole gumba lake. Ana dole gumba moja tu analolitumia.

“Basi tumia la mkono ule mwingine,” akasema Barasa.

Hata yeye mwenyewe hakucheka.

Mfereji umebaki.

Ijumaa, 15 Machi

Bahasha. Nyeupe tupu mbele, nyeupe tupu nyuma. Hakuna lakiri. Nimeigeuza mara nyingi nikitafuta mahali pa kuweka kitu. Nilijihisi kama mtu aliyetoka nje bila shati. Zakaria akaitumbukiza. Sauti ilikuwa ileile.

Ijumaa, 22 Machi

Kibarazani, mchana, jua kali. Josia hakuwepo, wanasema amehamishiwa ghala ya vifaa. Bahasha saba safari hii, fundi wa mawe akiwa miongoni mwao. Zimelala mezani zote zikifanana kama mayai. Sikuweza kuitambua yetu. Niliitazama kila moja nikitafuta mkono wangu na sikuuona. Nilidhani nitaumia. Niliona fahari ya namna nyingine, sina neno lake.

Bwana Barabara alisoma bei moja moja kwa sauti, na mtu akaandika ubaoni kwa chaki. Yetu ilikuwa ya tatu kusomwa na ya pili kwa uchache. Ya chini kabisa ilikuwa ya Bwana Lori. Tofauti ilikuwa bei ya mfereji, karibu sawasawa.

Nilisimama, nikauliza kwa adabu kama bei ile imehesabu maji ya mteremko wa maili ya nne. Bwana Barabara akapekua karatasi. Akasema masharti hayakudai. Ni kweli. Hayakudai. Akasema pia kwamba swali ni zuri, na ataliandika kwa ajili ya mwaka ujao. Niliketi. Nimetafuta kosa katika utaratibu wa leo tangu nilipofika nyumbani, kwa ustadi wangu wote, na sikuliona.

Bwana Lori alimjia Zakaria, akavua kofia.

“Mzee wangu, leo tumeshindana.”

“Leo ndiyo,” akasema Zakaria.

Atawachukua vijana wanne. Wazee hapana. Kambi anaitaka tupu kwa ajili ya madereva na mafuta.

Njiani nilianza kusema nitaandika rufaa. Zakaria alinigusa bega.

“Usiandike. Nimeshindwa mara nyingi, kijana wa Yona. Siku zote naambiwa na mtu aliyetoka ndani. Hii nimeiona mwenyewe, ubaoni, kwa macho yangu. Hii naweza kwenda nayo nyumbani.”

Nyumbani wapi, sikumwuliza.

Jumapili, 31 Machi

Wamehama. Watatu wamepanda gari la moshi kurudi magharibi kwa ndugu zao. Barasa amepata kazi ya kulinda lango kwenye shamba la pareto upande wa Molo. Anasema atakuwa akiwafungulia mbwa na kuwafungia watu. Zakaria hana wa kurudi kwake. Amepanga chumba mtaani kwetu, nyumba ya nne kutoka kwangu. Rebeka amempelekea mkeka na sufuria.

Niliwasaidia kubeba. Kipande cha reli hakuna aliyetaka kukichukua wala aliyetaka kukiacha. Mwishowe mke wa Barasa alikipiga mara moja, bila chakula chochote, kisha akakifungua waya na kukifunga ndani ya khanga.

Nilijaribu kubandua ukurasa mmoja wa ukutani. Uji wa baba umeshika mno. Ulichanika. Nimeondoka na kipande cha ukubwa wa kiganja, tangazo la sabuni, nusu sentensi. Nilikigeuza juu chini ili kikae sawa, kisha nikakirudisha kilivyokuwa.

Jumanne, 2 Aprili

Mbuzi wa mjane amerudishwa. Mwenyewe ameniletea mayai sita. Joto. Mawingu upande wa mlima Menengai, lakini hayashuki.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua ya kwanza, saa tisa alasiri. Kwanza harufu ya vumbi, kisha matone makubwa juu ya meza. Niliokoa karatasi. Nilisimama chini ya paa la duka pamoja na watu wengine wote wa Nakuru.

Nikamwona Zakaria akipita katikati ya njia. Gunia kichwani, jembe begani. Hakutazama kushoto wala kulia. Alikuwa anaelekea nyuma ya reli.

Nilimwachia mwenye duka taipureta.

Nilimkuta kwenye jiwe la kwanza. Hakuniuliza nimefuata nini. Tulitembea, yeye mbele. Maji yalikuwa yakitafuta njia, mekundu, na pale yaliposita aliyafungulia kwa jembe, mara mbili tatu tu, kama mtu anayemsogeza mtoto aliyelala. Hakuna aliyemtuma. Hakuna atakayemlipa.

Karibu na maili ya pili lori la kijani lilikuwa limesimama. Bwana Lori alikuwa ameketi ndani, kioo kimefungwa, akitazama barabara yake. Baada ya muda alishuka na viatu vyake vizuri.

“Mzee, yanakwenda wapi haya?”

Zakaria alimwonyesha kwa jembe. Bwana Lori akatufuata, hatua kumi nyuma, suruali ameikunja.

Mteremko wa maili ya nne hatukufika. Giza lingetukuta. Tulisikia tu sauti yake kwa mbali, maji na mawe.

Nimerudi nimelowa hadi mifupani. Rebeka ameweka nguo karibu na jiko, na shajara hii naiandika nikiwa ndani ya blanketi. Nilikuwa wa pili kutoka mbele. Bado inanyesha.